Bi Harusi Hatolewi na Santuri

Mdogo wangu Mwajuma,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia kabisa, maana siku hizi ukipiga simu unaanza na "dada, nina haraka." Haraka ya nini, na ulishastaafu? Mwandiko ni wangu, wa darasa la nne, usicheke. Nimemwambia Rehema aipige picha barua hii awatumie ukoo mzima, ili ukikataa, ukatae mbele za watu.

Juzi ulitutumia ule wimbo wetu wa kumtoa bi harusi nyumbani, uliourekodi ukiwa msichana. Ukasema tuupige siku Rehema, mjukuu wetu, anaolewa, kwa sababu wewe huimbi tena, sauti imeharibika. Haya, tumejaribu. Rehema akajitanda kanga, akatoka chumbani, simu ikaimba. Sauti nzuri, sikatai, machozi yalinitoka. Lakini alipofika mlangoni akasimama kunikumbatia, wimbo ukaisha. Kimya! Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ikabidi nidakie mimi. Unaijua sauti yangu. Mbuzi wa jirani waliitika. Rehema alicheka mpaka akakaa chini, halafu kicheko kikageuka kilio. Akasema, "Bibi, kama Bibi Mwajuma haji, basi nitatoka kimya."

Mtoto wa kwetu atoke kimya? Kama mwizi?

Mama yake ulimtoa wewe, hapa hapa Nkuhungu. Alilia mlangoni hata wapishi wakaacha masufuria waje kuchungulia. Wewe ukawa unaongeza beti tu, ukawataja shangazi zake, ukalitaja jiko, ukautaja mtungi, mpaka akajifuta uso mwenyewe akavuka.

Siku ya kurekodi haikuwa hivyo. Baba alikataa usiende Dar es Salaam peke yako, nikapanda treni nawe kama askari. Ulikuwa ndio unaingia ubeti wa mama, fundi mitambo akapunga mkono nyuma ya kioo: "Ishia hapo, binti, sahani ya santuri imejaa." Ukatoka ukanililia kwenye gauni. "Dada, wamenikatia mama." Huo ndio wimbo uliotutumia, Mwajuma. Umesahau?

Halafu ukaja kukaa wewe nyuma ya kioo. Nilijivuna, mwenzio! Mtoto aliyekuwa anaimba akipeta uwele kule Mkonze, akawa mkubwa wa kampuni ya muziki, wanaume wenye kofia za bei wanamwita mama huku jasho linawatoka. Nilikukuta unamwambia mmoja, "Rudia. Pumzi imekuishia kabla ya neno." Akarudia, tena kwa adabu. Nilitamba sokoni mpaka wakanichoka.

Ila kazi ile imekuharibia masikio. Umepima sauti za watu miaka yote, sasa umeipima yako ukaitupa. Nani hapa anataka kuinunua? Imepasuka, ndiyo, nimeisikia kwenye simu. Na mimi magoti yamekwisha, lakini nitamshika Rehema mkono mpaka kwenye gari. Anataka mtu atakayemwona analia, aongeze ubeti. Simu haina macho.

Tena nikwambie jingine, kwa kuwa najua hutauliza. Wenzetu waliokuwa wanakuitikia wamekwenda wote, nimebaki mimi. Nikiwa napepeta mchele huwa naanza kuitikia peke yangu, halafu nakumbuka hakuna aliyeanzisha. Nimekukumbuka. Basi, nimesema.

Panda treni Ijumaa. Usilete bendi, usilete spika, na hizo nguo zako za ofisini ziache huko. Ukianza ukakwama, kwama. Tutasimama hapo mlangoni wote, bi harusi ndani, bwana harusi nje na magari yake, wapishi na masufuria yao, tukusubiri upate pumzi.

Kitanda nimekutandikia. Nisilale karibu na kitanda kitupu.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni, na bado mkubwa wako.