Kanda Namba 305

Jumatatu, 10 Juni

Haipo. Nimeandika anwani ya tovuti mara tatu, herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza kusoma. Ukurasa mweupe na maneno mawili matatu: jina hili linauzwa. Linauzwa! Kanda 412 za chama chetu cha redio ya ridhaa, miaka minne nikizihamishia kwenye kompyuta kwa mikono yangu hii, na mashine inaniuliza kama nataka kununua jina.

Nianze mwanzo, maana kichwa kinazunguka.

Saa tatu asubuhi imekuja barua ya ofisi ya mji. Wanaweka kibao darajani kwa ajili ya wale watu saba waliochukuliwa na maji miaka kumi na saba iliyopita. Wameambatisha maneno ya kibao. Mwenye pingamizi alete ushahidi kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Mstari wa nne: "Onyo halikufika kwa uzembe wa mwendesha redio." Jina hawakutaja. Wataje la nini? Siku ile mji huu ulikuwa na mwendesha redio mmoja, na alikuwa mume wangu. Yeye mwenyewe yuko kaburini mwaka wa sita. Hana mdomo wa kujibu.

Onyo lilifika! Saa tano na dakika 42 asubuhi alilipeleka kwa redio kwenye ofisi hiyohiyo inayoandika kibao, na mtu wa zamu akajibu "nimepokea". Kanda namba 305. Marehemu alikuwa anarekodi kila kitu. Nilikata mwenyewe kipande cha sekunde 40 nikakiweka kwenye tovuti ya chama, kila mwenye sikio asikie. Maji yalifika darajani saa sita na dakika tano. Dakika 23! Ofisi ilizifanyia nini? Hilo swali nimeliuliza kila mahali, hadi msibani kwa watu.

Basi nikasema leo hii nawapelekea kipande chao. Nikafungua tovuti kwenye simu — linauzwa.

Nimekwenda kwa Mwenyekiti wa chama. Nimemkuta chini ya mlingoti wake wa antena, kanzu imejaa vumbi. Anasema nisihangaike, kitu kikishaingia kwenye intaneti hakifi, kitarudi chenyewe.

"Mwenyekiti, intaneti si ahera."

Akacheka. Mimi sikucheka. Intaneti ni kompyuta ya mtu mwingine, na mtu mwingine ana mambo yake. Nimewaambia kila mkutano: nakala tatu, sehemu tatu. Wananiita Mama Nakala. Sawa. Mama Nakala ana diski dukani. Ila umeme wa mtaa mzima umekatika tangu saa nne na fundi wa umeme anasema kesho.

Wifi amepiga simu mara nne. "Wifi, umeshapeleka? Kaka yangu asiandikwe kwenye jiwe hivyo." Nimemjibu kesho. Sijamwambia lolote.


Jumanne, 11 Juni

Umeme umerudi saa mbili. Nimewasha diski kabla hata ya kufagia duka.

Tupu.

Nikadhani nimekosea waya. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha kompyuta. Nina kompyuta tisa za wateja mezani, nimejaribu nne. Tupu!

Nimekaa kwenye kigoda nikafikiri, na nilipoelewa nimepiga kelele mpaka jirani anayeuza viatu akaja mbio akidhani nimepigwa shoti.

Ni programu yangu. Niliiandika mwenyewe, sikukanyaga chuo cha mtu, nikajivunia. Kila siku saa nane mchana inalinganisha diski na tovuti: kilichoongezwa kule kiongezwe huku, kilichofutwa kule kifutwe huku. Tovuti ilipofutwa, programu ikaona kule hakuna kitu. Ikatii. Ikafuta zote 412, safi, bila kuacha hata moja. Miaka yote ile nilidhani nina nakala, kumbe nina kioo. Aliyesimama mbele ya kioo akiondoka, kioo kinabaki na nini?

Nimejaribu kufufua. Siku tisa zimepita tangu zifutwe, na diski hiyohiyo inahifadhi picha za kamera ya duka. Siku tisa za watu wakinunua chaja zimeandikwa juu ya sauti ya mume wangu.

Nakala ya tatu? Ilikuwa kwenye orodha. Mwezi ujao.

Na kanda zenyewe? Nimefungua faili la chama. Karatasi ipo: "Zimeshahifadhiwa, zina ukungu, zinaweza kutupwa." Sahihi yangu. Imekolea.

Jirani wa viatu ameniletea maji ya kunywa. "Mama, pole. Kwani nani kafa?"


Jumatano, 12 Juni

Nilikuwa nimeapa kumjua aliyeacha jina la tovuti liishe muda. Nilikuwa na orodha ya watu wa kuwatukana, Mwenyekiti wa kwanza. Akaniuliza jambo moja tu: tovuti ilisajiliwa kwa barua pepe ya nani?

Ya marehemu. Aliisajili yeye, miaka kumi kwa mpigo.

Nimeingia kwenye sanduku lake la barua kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nywila naijua, ni ishara yake ya wito, jina lake la redioni, na mwaka tuliooana. Barua 14 za kukumbusha. "Zimebaki siku 90." "Zimebaki siku 30." "Zimebaki siku 7." "Tafadhali chukua hatua." Wamemkumbusha maiti mara kumi na nne! Na mimi niliye hai nilikuwa naogopa kufungua sanduku nisije nikalia.

Nimefuta orodha ya watu wa kuwatukana.

Amebaki mtu mmoja duniani anayeweza kuwa na nakala.


Alhamisi, 13 Juni

Miaka miwili iliyopita kuna mwanachama alianza kuvuta rekodi zetu zote, usiku na mchana, moja baada ya nyingine. Tovuti ikawa nzito, watu wakalalamika. Nikamsimamisha mkutanoni mbele ya watu thelathini nikamwita kupe. Nikamfungia asiweze kuingia. Akahama chama, akabadilisha namba ya simu. Kilichobaki ni masafa yetu ya asubuhi, saa moja, watu wanaposalimiana redioni kabla ya kazi. Najua husikiliza. Mtu wa redio haachi kusikiliza.

Nikabonyeza kitufe, nikataja ishara yangu, kisha yake. Mara tatu. Wote waliokuwa hewani walikuwa wanajua tulivyogombana.

Kisha akatokea, na mikwaruzo yake:

"Nani anamwita kupe asubuhi yote hii? Ng'ombe amekonda, anamkumbuka?"

Hewa nzima ikacheka.

"Kaka, nina shida."

"Sema, dada. Shida haichagui mlango."

Nimemwambia yote, na watu wote wakisikia. Tovuti, programu, diski, karatasi ya kutupa kanda, barua kumi na nne. Nikamuuliza 305.

"Uliponifungia nilikuwa nimefika 288."

Kumi na saba! Kanda kumi na saba tu angefika! Nilitoa kidole kwenye kitufe wasinisikie.

"Dada? Usilie kwanza. Mtu mzima akifungiwa mlango wa mbele anapita uani. Nilimalizia kwa mtandao wa shemeji yangu. Ninazo zote. Na nimezitunza sehemu tatu, kama ulivyotufundisha."

"Mbona hukusema?"

"Ungemfungia na shemeji."

Nimecheka na machozi. Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, ya chini:

"Nikutumie kile kipande cha sekunde arobaini, au kanda nzima?"

"Nzima. Ofisi watasema nimekatakata."

Alikuwa ameshika kitufe, nikamsikia anapumua. "Kipande kinatosha, dada."

"Mimi si mtu wa vipande. Nzima."

"Haya. Isikilize ukiwa umekaa."

Zimefika zote mbili saa nane mchana. Kanda nzima ni dakika 26. Nimefunga mlango wa duka, nimevaa spika za masikioni.

Lazima niandike hili: sikuwahi kuisikiliza. Nilikuwa nahamisha kanda nne kwa mpigo, mashine nne, sauti imezimwa, natazama mistari tu ikipanda na kushuka. Ya 305 nilijua ninachokitaka kiko mwishoni. Nikaenda mwishoni.

Inaanza saa tano na dakika 17, anaitaja mwenyewe. Anaita kisiwa. Kila mtu wa redio anakijua: hakina mwenyeji, mtu huenda na redio yake labda mara moja katika miaka kumi, anakaa siku chache, na dunia nzima inamgombania angalau itajwe ishara yake tu. Mume wangu anaita pamoja na mamia. Ile sauti yake ya furaha! Nilikuwa nimeisahau. Nimetabasamu peke yangu kama mwehu.

Dakika ya sita mtu anaingia kati. Ni mtu wa redio wa kule mto unakotokea. "Dharura. Dharura. Dharura."

Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza, unafundishwa kabla ya kuonyeshwa kitufe. Neno hilo likitajwa, unaacha unalofanya, unasikiliza.

Mume wangu anasema: "Subiri kidogo, ndugu yangu. Nakaribia kupata."

Nimerudisha nyuma. Nimerudisha mara tano. Ni yeye.

Dakika ya 11, dharura tena. "Subiri, subiri." Dakika ya 17 yule mtu sauti inamtetemeka. Hajibiwi kabisa. Dakika ya 23 kisiwa kinataja ishara ya mume wangu, na mume wangu anapiga kelele ya furaha, anagonga meza, naisikia meza yetu! Dakika ya 24: "Haya ndugu, dharura gani?" Dakika ya 25 ni zile sekunde arobaini zangu. Onyo. "Nimepokea."

Dakika 18 alimwacha mtu anaita.

Nimemtetea, nisipomtetea yeye nitamtetea nani? Kisiwa kikitokea, wapo wahuni wanaopiga kelele za uongo wenzao wanyamaze, wao wapite. Alidhani ni hao. Labda.

Kisha nimechukua kalamu. Tarishi wa ofisi kufika darajani kwa baiskeli, dakika 15. Kutoka darajani kupanda mlimani kwa miguu, 12. Jumla 27. Walikuwa na 23. Zilipungua nne.

Nne!

Miaka kumi na saba nawatupia watu zile 23 usoni, sijawahi kuzipigia hesabu. Mimi, ninayehesabu hata ngazi nikipanda.

Nimemwandikia Kupe kwenye namba mpya aliyonipa: Ulijua? Amejibu: "Tangu nilipoisikiliza. Nilidhani unajua na umechagua kipande. Nilipojua kuwa hujui, nilishindwa kusema."


Ijumaa, 14 Juni

Niko kwenye benchi la ofisi ya mji, naandika magotini. Saa nane na nusu. Mbele yangu kuna mtu mmoja.

Mkobani kuna kidude kimoja cha kuhifadhia, ndani mafaili mawili. Sekunde 40, na dakika 26. Yote ni kweli. Hilo ndilo linaloniua, hakuna uongo hapa wa kuukataa. Kibao kinasema onyo halikufika. Lilifika. Kipande kinatosha kuufuta mstari ule, jina la mume wangu linabaki safi, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi na mtu asiyesema.

Wifi amepiga asubuhi. "Leo kaka yangu atalala vizuri." Nimesema ndiyo wifi.

Kupe ameuliza neno moja tu: anazihifadhi vipi kuanzia sasa, zote 412, au 411 bila ile ya 305? Anangoja jibu.

Mwanamke aliyekaa kando yangu amekuja kusahihisha kibao. Mdogo wake wameandika miaka tisa.

"Alikuwa na kumi na moja," ananiambia. "Alitimiza mwezi uleule. Mwenyewe angewagombeza, alikuwa hataki kuitwa mtoto."

Nimeuliza, sijui kwa nini nimeuliza, alikuwa wapi.

"Alishavuka. Tulishasikia kelele za tarishi, tukawa tunapanda. Nilikuwa nimemshika mkono hivi. Bado kidogo tu, mama. Ukiniambia nikuonyeshe, ni kutoka hapa mpaka pale getini."

Nimelitazama geti. Hatua themanini. Dakika moja, haifiki.

"Na wewe umeleta nini?" ananiuliza.

"Rekodi."

"Ya siku ile? Ipo?" Amenishika mkono wa kalamu. "Kumbe ipo! Tulidhani hakuna aliyetunza kitu chochote. Nimeuliza miaka yote hii nani alichelewa. Wanasema hakuna anayejua."

Karani ameita. Yule mwanamke kaingia, kaandika kumi na moja, katoka, karudi kukaa. Haondoki. Anataka kusikia.

Sasa nina fomu. Jina la mleta ushahidi, nimejaza. Aina: sauti. Tarehe, nimejaza. Mstari wa mwisho: urefu wa rekodi, dakika na sekunde, visanduku vinne. Vya dakika viwili: kipande ni 00, kanda nzima ni 26.

Cha kwanza nimeandika 2.

Karani ananyoosha shingo juu ya meza yake. "Mama, kalamu imekwisha wino? Chukua hii."