Visiki vya Ndugu Yako

Baba Mwende, mume wangu,

Nakuandikia nikiwa na malengelenge mikononi na furaha tele moyoni, kwa hiyo usitarajie maneno ya simanzi leo. Visiki vya ndugu yako vimeng'oka. Vyote. Nimeona heri uyasikie kwangu kwanza, maana siku Muli akifika huko uliko najua ataanza na mashtaka.

Unakumbuka yalivyoanza? Tulikuwa tukipalilia maharagwe kule bondeni, Mwende mgongoni kwangu, Muli akashuka na miche ya mikaratusi ndani ya beseni. Alitaka mahali padogo tu, kwa sababu kwake ni mawe matupu. Nilikukanyaga mguu. Ukajifanya hujahisi. Jioni nilipokuuliza, ulicheka: "Si ni miti tu, Mama Mwende? Mti itakula ugali yako?"

Ilikunywa maji yangu. Kisima chetu kilikauka, nikawa nafukua mchanga mtoni kama mtu asiye na kwake, na maharagwe yakawa manjano kabla ya kuchanua. Nilisema, nikasema tena, wewe ukanijibu damu ni nzito kuliko maji. Sikatai kwamba nilikupenda kwa upole wako. Ulikuwa mtu wa kumpa mgeni kiti chako ukakaa kwenye debe, kisha ukamwuliza kama kiti kinamtosha. Lakini upole huo ulibebwa na mgongo wangu, na sikuwahi kukwambia. Leo nakwambia.

Tulipokwisha kukuzika, Muli alikata miti yake akauza nguzo. Nikamshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Kumbe mkaratusi haufi kwa msumeno. Mvua ya Novemba haijakolea, visiki vikachipuka. Siku niliyoshuka na panga kuyafyeka machipukizi nilimkuta amesimama pale, mikono nyuma kama bwana shamba.

"Shemeji, wacha hiyo. Hizo visiki ni zangu, na pahali kisiki iko ni pangu."

"Na mimi niende wapi na watoto?"

"Wewe uko na wasichana tu, na hao wataolewa. Rudi kwenu Kola, ndugu zako watakupatia pahali."

Nirudi kwetu! Mimi niliyechimba kila tuta la shamba lile, mengine nikiwa na mimba ya Ndunge! Nililia, ndiyo, lakini nililia nikielekea kwa wazee wa ukoo. Wazee wakanywa chai yangu, wakakohoa, wakazungukazunguka, na mwisho wakasema kila mtu achukue kilicho chake. Muli akatoka akitabasamu. Na mimi nikatoka nikitabasamu.

Unaujua mwethya wetu, kina mama tunaolimiana kwa zamu, na sheria yake unaijua: usipokwenda kwa mwenzako, siku ya kwako utalima peke yako. Zamu yangu ilipofika sikuomba palizi. Niliomba visiki. Na Muli, mjanja kuliko wote, katika hesabu zake zote alisahau kwamba mkewe, Mama Kioko, ni mwanamwethya.

Mama Kioko alishuka asubuhi ile na sururu begani, uso mkavu. Nikamwambia akitaka kurudi nyumbani sitamlaumu, ugomvi si wake. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wiki ijayo ni zamu yangu, na mtaro yangu imebomoka yote. Nikikosa hapa nani atakuja kwangu, Muli? Kisiki iko wapi?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha tukafanya kazi. Tulichimba tukivizunguka, tukakata mizizi kwa shoka, tukaingiza mtaimbo chini na kuvuta kwa kamba ya katani, huku tukiimba. Mwende wako, ambaye sasa ana urefu wako na ukaidi wangu, hakumwachia mtu mtaimbo ule. Ndunge alifukia mashimo nyuma yetu. Jirani akatuazima ng'ombe wake, tukaviburuta visiki hadi langoni kwa Muli.

"Shemeji," nikamwambia, "wazee walisema uchukue yako. Nimekuletea."

Alifungua mdomo. Akamwona mkewe ameshika kamba, matope hadi magotini. Akaufunga.

Ninakukumbuka, Baba Mwende, na ninaumia. Kitandani bado nalala upande wangu, ule wako siugusi. Hasira nayo ninayo, wala sitakudanganya kwamba imeisha, ila haikunizuia kukupenda ulipokuwa hai na haitanizuia sasa. Bondeni ni peupe, udongo ni mweusi, na kesho tunapanda.

Nimewagawia wasichana. Mwende amepata upande wa mto, Ndunge upande wa njia, waolewe wasiolewe, na nimelisema hilo mbele ya wazee kwa sauti ya kutosha hata viziwi. Wameniambia mambo kama hayo hayajawahi kufanyika katika ukoo huu. Najua wewe ungekuna kichwa, ungeniomba tungoje kidogo, tusikie Muli naye anasemaje. Sikungoja. Kama ulikuwa na maoni mengine, mume wangu, ungebaki uyaseme.

Mkeo,
mama wa wasichana wako