Sahani ya Jathum Oloo Imerudi Uwanjani

Rafiki yangu Oloo,

Mvua za mwaka huu zimekuja kwa adabu. Mtama wako wa upande wa mto umesimama vizuri, na mama watoto wako amevuna njugu za kutosha kula na kuuza Uriri. Nimeanza na hayo kwa sababu najua ndiyo ungeyauliza kwanza. Watu walidhani jathum, mpiga nyatiti, anafikiri nyimbo tu, lakini mimi niliyekaa nawe miaka yote hiyo najua ulifikiria mtama zaidi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu ulipokuwa askari Burma. Ulisema Dholuo ni ya kuimbia na Kiswahili ni cha barua, na ukinikuta naandika Kiingereza ulicheka mpaka kofia ikaanguka. Sasa huwezi kujibu. Sijui barua hii nitaiweka wapi nikiimaliza. Lakini nina habari, Oloo, na sina mwingine wa kumpa habari hii akaielewa yote.

Ile kazi yetu haikufa.

Acha nieleze kwa utaratibu, unajua mimi tena. Unakumbuka ulivyorudi kutoka hospitali ya Homa Bay, uvimbe wa shingo umepungua na macho yako mazima. Malale ilikushika, wakaikuta mapema kwa sababu ulikubali kutolewa damu ya kupimwa siku ile wengine wote walipokimbilia vichakani. Watu walikuwa wanasema damu inauzwa. Wengine walisema mbung'o ni mdudu tu kama wadudu wengine, amewauma babu zao na hawakulala. Uliketi mlangoni kwangu ukaniambia nikusomee karatasi ya idara ya afya. Nikasoma. Ukaniambia, "Mwalimu, soma tena, lakini safari hii soma kama mtu mwenye njaa." Nikasoma tena, ukakataa tena. Mwisho ukaichukua ile karatasi, ukaikalia, ukaanza kupiga nyuzi za nyatiti.

Ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa mbung'o. Uliupeleka kwenye matanga na sokoni, kwa miguu, ukiacha shamba lako magugu yakiota. Na kila ulikopita, watu kadhaa walikwenda kutolewa damu. Ukaja kwangu ukaniambia kwamba kazi hii ni ya watu wote, basi watu wote waigharamie. Nilibeba maneno hayo mpaka Homa Bay, kwenye ile kamati ya wafanyabiashara na wazee wa makanisa iliyokusanya fedha za maendeleo baada ya uhuru. Kabla hawajakaa kuzungumza, kifua kikakuchukua.

Basi sikiliza yaliyofuata.

Baada ya mazishi, mdogo wako Were alichukua nyatiti. Vidole vyake si vyako bado, ila sauti anayo. Kamati ikakubali kumjaribu mara moja, siku ya soko Uriri, na watu wa kupima damu wawe pale pale na meza yao. Wakisogea watu mezani, fedha zitatengwa kwa Were na kwa wasanii wengine watakaofuata. Wasiposogea, fedha zitanunua vipaza sauti vya kufunga juu ya gari, na habari za wasanii zitakwisha. Ndugu yangu, siku nyingi sikuwa nimelala vibaya kama juma lile.

Katibu wa kamati ni kijana anaitwa Aduda. Si mtu mbaya. Ana shule, ana haraka, na viatu vyake havijui tope. Yeye ndiye aliyeleta sharti: wimbo uimbwe mwanzo hadi mwisho bila mtu kuusimamisha. Alisema, "Mzee, hizi ni fedha za wananchi. Tumlipe mtu aeleze ugonjwa, halafu asimame katikati ili fulani ajisifu na ng'ombe wake?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa saa nzima labda, wenzake wakaanza kupiga miayo. Nilisema pakruok si kelele inayoingilia wimbo. Mtu anaweka sumuni kwenye sahani, jathum ananyamaza, mtu yule anasimama anajitaja, anasifu ukoo wake, rafiki yake, au mke wake, kisha nyuzi zinarudi. Nikasema wimbo wetu una milango, na watu huingia kwa milango hiyo. Aduda alinisikiliza kwa heshima. Kisha wakapiga kura, na sahani ikakatazwa. Were akakubali, kwani alitaka kazi yako iendelee kwa njia yoyote.

Ungeiona siku ile ya Uriri ungefunika uso.

Watu walikuja wengi. Were akaketi, akavaa pete ya chuma ya kugongea mdundo kwenye kidole cha mguu, akaanza. Alipiga vizuri. Akaimba mbung'o, akaimba shingo inayovimba, akaimba usingizi wa mchana usiokwisha. Mtu mmoja kutoka Kanyamkago akainua mkono na sumuni yake. Were akatazama chini akaendelea. Mwingine akainua. Were akaendelea. Ikawa kama mtu anagonga nyumba yenye watu ndani na hakuna anayemfungulia. Mwishowe bibi mmoja muuza dagaa wa omena akasema kwa sauti ya soko zima kusikia, "Hii thum ya leo ina wivu! Hata jina la mama yangu haitaki kulisikia!"

Watu wakacheka, na wakicheka wakaanza kuondoka. Mmoja akamwambia Were, "Omera, ndugu yangu, ukimaliza hotuba utuite." Wapimaji walikaa nyuma ya meza yao wakipunga nzi. Nadhani waliokuja ni mlevi mmoja aliyetaka kiti, na mimi. Mimi nilitolewa damu, ndiyo, ili sindano isikauke. Mimi ni mzima, usicheke.

Were hakula siku ile. Alisafisha nyatiti akaifunika kwa shuka, akaniambia, "Mwalimu, jina la kaka yangu nimelizika mara ya pili." Nilimwambia hapana. Lakini njiani kwenda Homa Bay sikuwa na hakika.

Kwenye kamati, karatasi ya bei ya vipaza sauti ilikuwa tayari mezani. Aduda mwenyewe alionekana kuumia, alisema pengine wakati wa nyuzi umepita. Nilisimama nikaanza kueleza tena, na Mungu anisamehe, nilikuwa naanzia mbali sana. Aliyenikatiza ni Bwana Salim, mwenye duka la vitambaa karibu na gati, yule aliyekuwa akikuita "Mzee wa Burma". Akasema, "Mwalimu, pumzika kidogo. Bwana Aduda, mteja akiingia dukani kwangu, namwacha akishike kitambaa. Akunje, akunjue, ajiwekee begani, aulize kama anapendeza. Wewe juzi ulimwambia asiguse. Sasa unashangaa hakununua?"

Kamati ikacheka. Aduda akacheka pia, kwa shida. Tukapewa siku moja nyingine, na sahani yake.

Tulikwenda upande wa Lambwe, kule mbung'o walikojaa na watu wanajificha zaidi. Ndiko alikoolewa dada yako Akeyo. Were akaiweka sahani mbele, ile yako ya bati yenye ua jekundu, akaanza.

Wa kwanza kuweka sumuni alisifu fahali wake. Wa pili alisifu wakwe zake, muda mrefu, na mkewe akiwa pembeni anamsahihisha majina. Wa tatu akarudi kwa fahali. Aduda alitazama saa. Akafuta jasho. Akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa yule fahali. Nikamwambia, "Subiri, kijana wangu. Bado wanashika kitambaa."

Ndipo Akeyo akasimama. Sauti yake unaijua. Akasema, "Simamisha hapo! Mimi ni dada wa Oloo jathum! Kaka yangu alitolewa damu, akadungwa sindano mpaka sindano zikachoka, akarudi nyumbani kwangu akala ugali wote na wa mbwa! Aliyejificha, ugali wake umeliwa na nani?"

Oloo, uwanja ulipasuka. Na kabla nyuzi hazijarudi sawasawa, mwanamume mmoja mrefu akatupa sumuni yake kwenye sahani. Akajigonga kifua. "Mimi ndiye niliyejificha kwenye makonge! Watu wa sindano walipita wakanikanyaga mguu, sikulia! Nani hapa amejificha kama mimi?" Basi wakaanza kushindana. Mmoja alijificha ghalani, mwingine chini ya kitanda cha mama mkwe wake, jambo ambalo hata kulitaja ni aibu, na alilitaja kwa fahari. Were alimpokea kila mmoja, akamtia ndani ya wimbo na maficho yake, kwa jina na kwa ukoo. Hofu yao yote ilitoka nje pale, ikachezewa, ikachekwa. Na wewe unawajua watu wetu. Hawawezi kushindana kwa jambo moja wakatosheka. Yule mrefu wa makonge akaweka sumuni ya pili: "Na kama nilikuwa wa kwanza kujificha, leo nani atanitangulia kutoa mkono?"

Wa ghalani alikuwa ameshakimbilia meza. Waligombana pale mbele ya wapimaji nani aliyefika kwanza, ikabidi wachomwe vidole kwa pamoja, huyu kwa muuguzi huyu na yule kwa yule. Nyuma yao foleni. Wanawake wenye watoto mgongoni, wazee, wasichana wanaosukumana. Wachache walikutwa na malale, mapema, kama wewe ulivyokutwa. Wamekwenda Homa Bay, na wa kwanza wao wamesharudi.

Mwisho wa siku Aduda alikwenda kwenye sahani akaweka sumuni. Were akanyamazisha nyuzi. Kijana wa watu akasimama pale na viatu vyake, akasema, "Mimi ni Aduda, mtoto wa nyanya yangu," akakosa la kuongeza, akaketi. Walimshangilia kuliko wenye ng'ombe.

Kamati imetenga fedha. Nimepigania zitumike kama ulivyotaka wewe. Hazinunui wimbo. Zinamlipa mtu wa kulima shamba la Were akiwa safarini, na nauli, na chakula. Za kwenye sahani ni zake na wasikilizaji wake, hakuna mtu wa kamati anayezigusa wala kuuliza. Magugu hayataota tena kwa sababu ya kazi ya watu wote.

Nyumbani kumetulia. Nimezeeka vizuri, magoti tu. Jioni nikisikia Were anakaza nyuzi, nusura niinuke nije kukupigia kelele kwamba umeanza mapema. Halafu nakaa. Si uchungu, sasa. Ni kama kuchungulia nyumba ya jirani na kukuta taa inawaka.

Mwezi ujao tunakwenda Isebania kumtafuta mpigaji wa Kikuria, maana mbung'o hawajui mpaka wa lugha. Sijui kwao wasikilizaji huingia vipi katika wimbo. Aduda aliniuliza tuandike masharti gani ya kumpelekea. Nimemwambia tutakwenda bila karatasi, tutaketi, na tutamwomba mwenyeji wetu apige kwanza kama anavyopigia watu wake.

Lala salama, jathum. Nakuahidi hivi: mradi nina kiti kwenye kamati ile, msanii atakayelipwa atabaki na watu wake, na watu wake watabaki na haki ya kumsimamisha. Nikishindwa kukaa wima nitamwachia Aduda kiti. Ameanza kujifunza kusubiri.

Rafiki yako,
Mwalimu