Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Fiston, mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya cherehani, suruali ya mzee wa kanisa ikiwa magotini mwangu. Anaitaka kwa ibada ya Jumapili; atangoja. We unanijua. Maisha yangu yote kazi za watu nimeziacha kwa sababu ya mpira wa kikapu, na mpira wenyewe sikuwahi kuucheza vizuri. Njo sababu mlinifanya kocha.

Nianze na habari mbaya, kwa kuwa nzuri hakuna. Tangu lori likugonge pale barabarani, umekaa nyuma ya kabaza, baiskeli ya abiria, na mzigo wako wa vitenge vya kuuza Kauma, hatujashinda mechi hata moja. Hapa Dzaleka, kambini kwetu wakimbizi, tumefungwa na timu ya wanakwaya. Ndiyo, wanakwaya, na walituimbia baadaye. Jumamosi iliyopita tukafungwa Lilongwe, uwanja wa Area 18, na vijana wale wale wa Nsungwi tuliowashinda mwaka jana. Miezi hii yote nimekuwa natafuta mtu wa kumlaumu, nikakupata wewe. Marehemu hajibu.

Heri uyasikie kwangu maneno niliyosema. Nilisema kwenye kibanda cha chai kwamba Fiston alituharibu. Kwamba meneur kazi yake ni kugawa mpira na kupanga wenzake, ila wewe uliupandisha mwenyewe, ukafunga mwenyewe, ukipotea ukaukimbilia mwenyewe hadi nyuma kabisa, na baada ya mechi ukaokota hata chupa za maji. Watu walitoka kila pembe ya kambi kutazama ule mtindo wako wa kupitisha mpira nyuma ya mgongo huku macho yako kwa wasichana. (Mama Neema alikuwa anakuona. Usidhani mke wako ni kipofu.) Nikasema, mmoja akikimbia kwa niaba ya watano, wale wanne wanaota mizizi. Watu wakatikisa vichwa. Nilionekana mwenye akili, jambo ambalo halinipati mara nyingi.

Na haikuwa uongo. Hapo njo panaponiuma.

Ile Jumamosi tulihitaji ruhusa ya kutoka kambini, kama siku zote. Nami nikaandika orodha kama siku zote: nachukua ya zamani, nanakili, wa kwanza meneur, wa mwisho mimi. Ikapigwa muhuri. Asubuhi pale kwenye kizuizi cha barabara askari akasimama kwenye mlango wa gari na kusoma jina la kwanza. Lako. Akasoma tena, akauliza huyu Fiston yuko wapi. Ni Shukuru aliyejibu, yule mrefu wetu wa chini ya kikapu, ambaye kwa mwaka mzima hatoi maneno kumi.

"Iko mbele. Anatungojea."

Askari akashukuru, zikomo, akaendelea na jina la pili. Hakuna aliyenitazama.

Na kweli wenzako walidhani unatungojea. Mara tatu katika mechi mpira ulitupwa kona ya kushoto, pale pako, bila mtu kutazama, mikono tu imezoea. Mara tatu ukatoka nje. Mara ya tatu ukaangukia beseni la mama muuza mandasi. Yule mama alinitukana kwa Chichewa safi, na alikuwa na haki.

Njiani kurudi nikaanza tena hotuba yangu. Fiston hivi, Fiston vile, alituzoesha vibaya. Shukuru akageuka, akaniambia polepole, kama mtu anayemrekebisha kaka yake mkubwa:

"Yaya, si alikuomba umutoe? Mi nilikuwa pa benchi. Nilisikia."

Nilikuwa nimesahau. Hapana, nisikudanganye wewe uliye huko: nilikuwa nimekumbuka, nikaficha. Mwaka jana, uwanja ule ule, robo ya mwisho, tuko mbele kwa pointi kumi na mbili. Ulinijia unahema, jasho linadondoka kwenye viatu, ukasema, "Yaya, unitoe. Acha benzangu bapandishe mpira benyewe, tungali na pointi za kupoteza." Nikakusukuma mgongoni. Nikakuambia, "Rudi. We njo timu."

Tukashinda kwa ishirini. Wakanibeba mabegani, mimi na kitambi changu, na wewe umekaa chini peke yako unafungua kamba za viatu. Hukumwambia mtu. Na kwenye matanga yako nilisimama kutoa ushuhuda, nikarudia lile lile: Fiston alikuwa ndiyo timu. Watu wakalia. Mama Neema akanishika mkono, akanishukuru.

Watu hapa wanabishana bado kama jasho lako lilitufaa au lilituharibu. Lilitushindisha, hilo hakuna wa kukataa. Ila ulitaka kutufaa zaidi ya hapo, na aliyekuzuia ni mzee mmoja aliyependa kubebwa.

Sasa sikiliza. Jumamosi tunarudi Area 18. Kabla ya mpira kurushwa nitawaambia wote ulichoniomba na nilichokujibu, na kwenye kibanda cha chai nitakisema pia, kwa sauti ile ile. Mpira atapandisha Shukuru. Anaudunda kama mama anayetwanga mihogo. Utacheka huko uliko. Tutafungwa vibaya. Sitamtoa, wala sitamwambia kwamba yeye ndiyo timu.

Orodha nimeiandika leo, hii hapa kando ya mkasi. Sikunakili. Niliwaita mmoja mmoja, kila mtu akaandika jina lake kwa mkono wake.

Lala salama, mdogo wangu, upumzishe magoti. Jumamosi pale kizuizini askari akisoma, kila jina litakuwa na mtu wa kuitikia.

Yaya wako,
wa mwisho kwenye orodha