Nilivyomlilia Flavian

Jumatatu, 8 Julai 2002
Asante Mungu kwa siku ya leo. Hawa watu wa tamthilia ya polisi waliotoka Dar, niliopata kazi ya kuwapikia, leo wamenipa na kubwa zaidi! Shedrack, mwongozaji wao, kavaa makoti mawili na bado anatetemeka. "Mama, baridi hii mnaishije?" Kisha kaniomba niigize mama wa kijana aliyeuawa na majambazi. Mimi, wa darasa la nne! Kazi yangu kulia tu. Nimesali rozari.

Alhamisi, 11 Julai
Yesu wangu, nimeharibu. Tumepiga picha hapahapa kwangu Malangali. Marehemu wa tamthilia anaitwa Roni. Nimekaa mkekani, nikamkumbuka mama yangu, kilio kikatoka chenyewe — na jina likatoka la mwanangu. "Flavian! Flavian wangu!" Mwenyewe yuko Mtowisa analima mpunga, mzima.

Huku kwetu mtu akisikia kilio haulizi. Majirani wakaja mbio, unga kichwani, kuni begani, wanalia kuliko mimi. Shedrack akanong'ona kamera isizimwe. Mama Zita alipoona taa na nyaya akashika kiuno. "Kristiana, umetuliza bure! Na huu unga sirudi nao nyumbani, ni uchuro." Tukasonga ugali wote, tukala na wasanii. Tumecheka! Kuwa na majirani ni neema.

Ijumaa, 12 Julai
Nimempa dereva wa Mtowisa ujumbe: Flavian akisikia amekufa, asiamini.

Jumamosi, 13 Julai
Adela amekuja! Mdogo wangu, kutoka Kasesya. Miaka minne hatusemezani, tangu mazishi ya mama — yeye kaokoka, akataka mchungaji. Mimi nikataka padri. Nilimwambia mbele za watu asikanyage kwangu. Leo kashuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye nyusi, kaniangukia. Habari za msiba zimemfikia huko huko mpakani. Flavian alilelewa naye miaka mitatu, nilipougua kifua. "Dada, nimechelewa kumzika mtoto."

Nilifungua mdomo niseme. Ukweli ukakwama. Akijua, si atageuza arudi Kasesya? Nikamwambia apumzike kwanza. Ee Mungu, nisamehe — na asante.

Jumapili, 14 Julai
Kaniamsha yeye, kanga kashajifunga: twende misa, tumwombee Flavian. Adela, kanisani kwetu! Hapo nikashindwa. Nikamshika mkono. "Adela, mdogo wangu, kuna jambo —"

"Hodi!" Flavian huyo, na gunia la mchele. "Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo. Dereva kasema nisiamini kwamba nimekufa. Nani kaniua?"

Adela kamshika uso, masikio, mabega. Kisha kanitazama mimi.

Nimekimbilia jikoni, naandika huku maji ya uji yanachemka. Misa imenipita. Mzigo wa Adela uko mlangoni. Namsikia anamwuliza Flavian, "Na mimi nikifa, mama yako atanililia hivyo?"

Si la Flavian kujibu, ni langu. Naepua maji, niende nikamjibu mwenyewe —