Mama Tulia, Bado Tunakusemesha

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na kiti chako cha jikoni bado hakuna anayekikalia. Hakuna aliyekataza. Mtu akikikaribia tu, miguu yenyewe inapita pembeni.

Wagonjwa walikuita Mama Tulia, na jina hilo lilituchekesha nyumbani, maana wewe kutulia ulikuwa hujui. Ulikuwa unakoroga sufuria huku unaongea na simu, huku unamgombeza mtu aliyeacha taa inawaka. Hospitali ndiko ulikokuwa mtu mwingine. Daktari wa picha, bingwa wa ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, PET na MRI, mashine mbili ndani ya moja, ulikaa nyuma ya kioo ukimwambia mtu mwenye hofu, taratibu, "Tulia, mama. Niko hapa."

Kazi yako ulitueleza kwa sufuria na kifuniko. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo. Saratani ina ulafi, huifakamia sukari ile kuliko nyama nyingine za mwili, na hapo huonekana ilikojificha. Picha moja inaonyesha mwili ulivyo, ya pili inaonyesha sukari ilikokusanyika, kisha moja inalazwa juu ya nyingine. Ukafunika sufuria kombo. "Mgonjwa akijitikisa, kifuniko kinakaa upande. Halafu daktari wa upasuaji anapasua pasipo pake." Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kufunika sufuria vibaya mbele yako.

Kisha ikaja miaka ya mwongozo. Ninyi mabingwa mlikuwa mnaandika namna moja ya kufanya kipimo hicho kwa wagonjwa wa saratani, ili kila hospitali yenye mashine kama ile iufuate: nani apimwe, akae na njaa muda gani, alazwe vipi. Ulirudi kutoka vikaoni umevimba kwa hasira. Ulitaka iandikwe kwamba ni lazima mgonjwa asemeshwe kabla ya kila hatua, aambiwe kelele gani inakuja na itachukua muda gani, kwa sababu mwenye hofu hatulii. Wenzako hawakukupinga. Walisema tu kwamba ushahidi bado ni mdogo, na penye ushahidi mdogo huandikwa "inapendekezwa". Ulijua wana haki, na ndiyo maana ulizidi kununa.

Nyumba nzima ikaanza kuongea lugha ya mwongozo. Kitinda mimba wako akabandika karatasi kwenye friji: kuosha vyombo inapendekezwa, kuangalia mpira ni lazima. Uliisahihisha kwa kalamu nyekundu, ukatia sahihi kama mwenyekiti wa kikao.

Mganga hajigangi. Saratani ya shingo ya kizazi ilipokuja, ukalazwa kwenye mashine yako mwenyewe. Picha ile ndiyo ingeamua kama kisu kingekusaidia, au kama ugonjwa ulishatembea. Baba aliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo, kando ya mtaalamu wa mashine, yule uliyemfundisha kazi tangu hajui hata swichi iko wapi. Mtaalamu akaona haya. Angemwambiaje mwalimu wake kelele gani inakuja? Akanyamaza kwa heshima, akafanya kazi bila kukosea, mashine ikagonga na kunguruma, na wewe humo ndani peke yako.

Ukabonyeza kengele.

"Mwalimu, unaumwa?" mtaalamu akauliza.

"Siumwi. Mbona hunisemeshi?"

"Nitakuambia nini, Mwalimu? Haya yote unayajua wewe."

"Leo sijui kitu, mwanangu. Naogopa. Nisemeshe."

Baba anasema tangu mwoane hakuwahi kukusikia ukilitamka neno hilo, naogopa. Hatua ile iliyokatizwa ikabidi irudiwe. Mtaalamu akavuta kipaza sauti karibu, akaanza: "Sasa itagonga kama mtu anapigilia misumari, Mwalimu. Dakika nne. Niko hapa." Ukatulia. Picha ikatoka safi, kifuniko barabara juu ya sufuria, na ikasema kweli tusiyoitaka. Ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali. Uliisoma mwenyewe kwenye skrini, ukavua miwani, ukamwambia daktari wa upasuaji aache kisu. Ukarudi kwetu, ukakaa nasi miezi ambayo vinginevyo ungeimalizia wodini. Kwa hilo tunaishukuru picha ile, ingawa tuliilaani kwanza.

Nasi tukafanya kosa lile lile. Ulipolemewa kitandani tulitembea kwa ncha za vidole, tukanong'onezana koridoni, na mama mdogo akawa anawarudisha wageni mlangoni. Tulidhani ndiyo heshima. Siku moja ukafungua macho.

"Mbona kimya hivyo? Kuna mtihani humu?"

"Tunakuacha upumzike, Mama."

"Kupumzika nitapumzika sana. Semeni."

Tukasema. Kifungua mimba wako akawa anakuambia, "Nakugeuzia upande wa dirishani, shuka ina ubaridi kidogo." Kitinda mimba alikusimulia mechi nzima ambayo timu yake ilifungwa, akaipa timu yake mabao mawili ya uongo, nawe ukamwambia unamjua. Na asubuhi ya mwisho, ulipokuwa hujibu tena, Baba hakuacha. "Nakushika mkono sasa, mke wangu. Nafungua pazia. Kuna jua." Pumzi ilipokatika akasema kwa sauti ile ile, "Sasa nakufunika." Maneno mazito kama hayo hatujayasikia tena, na hatumjui mtu aliyefunikwa kwa upole zaidi ya ule.

Mpaka leo Baba akitoka husema mlangoni, "Naenda dukani, narudi sasa hivi." Mwanzoni tulitazamana. Siku hizi nasi tunakuaga.

Mtaalamu wako alikuja kutujulia hali. Anasema katika chumba chako hakuna mgonjwa anayeachwa kimya, hata awe profesa, hata awe daktari.

"Hasa daktari," akasema, akainamia kikombe chake.

Uchungu haujaisha, Mama, tusidanganyane. Kuna siku uchungu huo unakuja upya kwa kitu kidogo tu, kifuniko kikikaa kombo jikoni.

Wanaokukumbuka ni Baba, mumeo. Kifungua mimba wako na mumewe. Kitinda mimba, ambaye sasa anaosha vyombo bila kuambiwa. Mama mdogo, mdogo wako. Wajukuu wako waliokuita Bibi Picha. Na wenzako wote wa nyuma ya kioo.

Katika mwongozo, Mama, sentensi yako bado imeandikwa "inapendekezwa". Hapa nyumbani tulikaa kikao, tukaipitisha bila mpinzani. Kukukumbuka na kukusemesha, siku zote tutakazojaliwa, ni lazima.