Chomoa Kila Kifaa

Jumapili jioni, Nyegezi

Nakala ya mafaili ya wagonjwa nilikuwa nimeitoa mapema, kwa hilo sijilaumu. Seva ya kituo cha afya iko Magu, mimi naiendesha kwa mtandao nikiwa hapa sebuleni. Mfumo mpya uliingia vizuri, nikaiamuru mashine ijizime na kujiwasha.

Ikazima. Haikuwaka.

Dakika ishirini nzima! Nikaanza kuiona foleni ya kina mama kliniki kesho, na kumbukumbu zao...

Nikampigia Mama Kulwa, mhudumu anayekaa na funguo.

"Shikamoo mama. Ile mashine inaonyesha taa?"

"Marahaba mwanangu. Taa zilizima, nikajua umemaliza. Nikachomoa."

"Umechomoa! Nani kakwambia uchomoe?"

"Si tangazo lako hili hapa ukutani? Ukimaliza kazi chomoa kila kifaa, radi isije ikaunguza."

Mwandiko ni wangu kabisa.

Akachomeka, akabonyeza kitufe. Baada ya muda ikaitika, mfumo mpya ndani, hakuna jina lililopotea. Moyo umetulia sasa.

Kesho nakwenda Magu kubandika tangazo jingine, na kumshukuru mtu pekee aliyewahi kulitii la kwanza.